Tao, mfereji na hesabu ya ordinatere

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wageni wetu hapa Mavivi. Tumeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni. Hesabu tu tumezipanga vizuri zaidi, ili mtu aweze kuzifuata na kalamu mkononi.)



Wengine kati ya wale wanaotusaidia wametuuliza swali, na wametuuliza kwa heshima: kwa nini chama cha watu waliorudi makwao, ambamo wengine wangali wanalala chini ya bashi, kinafundisha vijana sinusi na kosinusi kwenye ordinatere? Mama mmoja mwanamemba alituuliza lile lile bila kuzunguka: «Sinusi itazuiya mvua?» Tulicheka, lakini tulimwahidi jibu. Jibu ni la leo, na tutalitoa kwa mbao, matofali na namba.

Tuanze na mlango. Nyumba ya matofali ya kuchoma ina ukuta mzito, na juu ya kila mlango na kila dirisha lazima kitu kiubebe ule ukuta. Watu wengi leo wanataka linto ya beto, maana yake simiti, mchanga, kokoto na vyuma. Simiti na vyuma vinavyouzwa Beni na Butembo, sehemu kubwa inapita bariere ya Kasindi kutoka Uganda. Barabara ikiharibika au ikifungwa, bei inapanda siku ile ile, na aliyekuwa amebakiza linto mbili anabaki na kuta bila paa. Matofali yanatoka katika udongo wa hapa. Na tao la matofali halitaki chuma hata kimoja: kila tofali linamsukuma jirani yake, na uzito unashuka pembeni hadi kwenye msingi. Makanisa ya zamani ya misioni yanasimama kwa matao ya namna hiyo.

Sasa, tao halijijengi hewani. Linataka gabari, ile mbao iliyokatwa mviringo kwa juu, inayobeba matofali mpaka chokaa au simiti ishike. Gabari ikiwa mbaya, tao ni baya. Zamani gabari ilikuwa mali ya fundi, na kipimo chake kilikuwa mkononi na machoni mwake. Toka mwezi wa kumi 2014, mauaji yalipoanza kuenea katika teritware ya Beni, watu wa barabara hii ya Beni, Mavivi, Oicha mpaka Eringeti wamekimbia, wamerudi, na wengine wamekimbia tena. Mtu akikimbia habebi gabari. Anabeba mtoto, godoro kama ana bahati, na sufuria. Tuliporudi, zile mbao zilikuwa zimekwisha kuwa kuni. Na mafundi waliozichonga, wengine wako Butembo, wengine Uganda, wengine hatutawaona tena.

Ndiyo maana tunataka mviringo ulioandikwa kwa namba. Karatasi moja inakunjwa mara nne, inaingia mfukoni au katika kitenge, na popote itakapofunguliwa seremala yeyote anaweza kukata gabari ile ile. Ordinatere yenyewe si muhimu sana. Ni chombo cha kutengeneza ile karatasi haraka na bila uchovu, na telefone yenye Excel inatosha.

Tuchukue mlango wenye upana wa santimetre 120. Tunataka tao lipande santimetre 20 katikati. Hizo 20 tunaziita kimo. Swali la kwanza: kama tungekuwa na kamba na kigingi, kamba ingekuwa na urefu gani? Chukua nusu ya upana, 60, izidishe kwa yenyewe: 3600. Chukua kimo, 20, kizidishe kwa chenyewe: 400. Jumla 4000. Gawanya kwa kimo mara mbili, yaani 40. Unapata 100. Kamba ni ya metre moja kamili, na kigingi kingekaa santimetre 80 chini ya mstari unaounganisha miguu miwili ya tao.

Hapo mzee mmoja, masoni wa siku nyingi, alisimama. Alikuwa amekaa nyuma, mikono imekunjwa, na alikuwa amekwisha kutuambia: «Miye niko na jicho. Jicho yangu haikosee.» Aliposikia 60, 80 na 100, alishusha mikono. Ninyi mafundi mnajua kwa nini. Hizo ndizo namba anazotumia kila masoni kunyoosha pembe ya nyumba: 60 upande huu, 80 upande ule, na 100 ikikutana sawasawa pembe iko mraba. Tao letu limekatwa katika eskwadra yake mwenyewe. Tangu siku ile hatukuhitaji kumshawishi. Yeye ndiye alianza kushawishi wengine. Na tuseme wazi, jicho lake ni la kweli. Kule Nubia, kusini ya Misri, mafundi walikuwa wanajenga mapaa ya matofali mabichi bila gabari, mviringo wanauchora kwa jicho na mkono juu ya ukuta wa nyuma. Hassan Fathy, mjenzi wa Misri, aliwaita mafundi wa namna hiyo alipoanza kijiji cha New Gourna katika miaka ya 1940. Ufundi huo hatuudharau. Lakini jicho halirithiwi kwa karatasi, na sisi tumekwisha kupoteza macho mengi.

Mtasema: kamba ya metre moja iko, kigingi kiko, Excel ya nini? Kwa gabari ile moja, kweli, kamba inatosha. Ila kamba inatupa mviringo tu, haituambii kila tofali likae wapi. Hapo ndipo sinusi inaingia.

Tofali tunalotumia katika mfano huu lina unene wa santimetre 7, na tunalisimamisha ili tao liwe na urefu wa santimetre 11. Tunataka idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili tofali moja likae katikati kabisa, lile linalofunga. Kwanza pembe. Katika kisanduku andika =DEGRES(ASIN(60/100)). Inakuja 36,87. Hiyo ni pembe ya upande mmoja. Pande mbili ni 73,74. Urefu wa mviringo ni =2*100*ASIN(60/100), yaani 128,7. Ukiweka matofali 17, kila moja linapata santimetre 7,57: saba za tofali na milimetre karibu sita za chokaa. Huko juu, kwa sababu mviringo wa nje ni mrefu zaidi, chokaa inakuwa milimetre 14. Hiyo inakubalika, na masoni hana haja ya kuchonga tofali hata moja. Ukijaribu 15, chokaa ya chini inakuwa milimetre 16 na ile ya juu inazidi 25: tao la chokaa, si la matofali. Kujaribu 15, 17 au 16 na nusu, kwa mkono ni saa nzima. Kwenye Excel unabadilisha kisanduku kimoja na safu zote zinajibu.

Kila tofali basi linachukua 73,74 gawanya kwa 17, karibu nyuzi 4,34. (Usifupishe namba ndani ya ordinatere, acha yenyewe ibaki na mikia yake. Fupisha siku ya kupima na rula.) Safu ya kwanza tunaweka pembe toka katikati: nusu ya tofali, 2,17, halafu tunaongeza 4,34 kila mara mpaka tufike 36,87. Safu ya pili, umbali kutoka katikati: =100*SIN(RADIANS(A2)). Safu ya tatu, urefu juu ya mstari wa miguu: =100*COS(RADIANS(A2))-80. Unavuta kwa kidole kwenda chini, basi. Hizi hapa kwa santimetre, umbali kwanza, halafu urefu:

3,8 na 19,9
11,3 na 19,4
18,8 na 18,2
26,2 na 16,5
33,4 na 14,3
40,4 na 11,5
47,2 na 8,1
53,8 na 4,3
60 na 0

Upande wa pili ni ule ule. Alama ya 3,8 kulia na ile ya 3,8 kushoto zinalifunga kati yao tofali la katikati. Seremala anapiga msumari mdogo kwenye kila alama, anakunja ufito mwembamba wa mwanzi juu ya misumari, anachora na penseli, anakata. Halafu anaziacha zile alama juu ya gabari kwa rangi. Masoni akifika, anaona mahali pa kila tofali kama mtu aliyeandikiwa kiti chake kwenye harusi.

Kuna mtego mmoja ambao kila darasa linaukuta, kwa hiyo tunautaja mapema. Ordinatere haifikiri kwa nyuzi. Ukiandika =COS(30), inakujibu 0,15, na haisemi kwamba kuna shida. Jibu la nyuzi 30 ni 0,87. Neno RADIANS ndilo linageuza nyuzi kuwa kipimo kinachoeleweka na mashine, na DEGRES inarudisha. Ukisahau, misumari itakwenda huku na huku kama mbuzi waliofunguliwa, na angalau utaona haraka kwamba kitu hakiko sawa. Mtego wa pili ni wa lugha. Ordinatere zetu nyingi ziko katika Kifaransa: koma ya desimali, na kipeuo cha pili tunakitafuta kwa RACINE. Lakini wandugu waliorudi kutoka Uganda wana telefone za Kiingereza: kwao ni nukta badala ya koma, SQRT badala ya RACINE, DEGREES na herufi E mbili. Hesabu ni moja. Kijana asimcheke mwenzake.

Na tao lina masharti ambayo Excel haitawaambia. Linasukuma pembeni, na kadiri lilivyo fupi kwa kimo ndivyo linavyosukuma zaidi. Kwa hiyo hatuweki mlango wa tao karibu na pembe ya nyumba. Sisi tunaacha ukuta usiopungua metre moja kila upande. Pia tuko katika nchi ya matetemeko. Wazee wanakumbuka lile la tarehe 20 mwezi wa tatu 1966, lililopiga pande zote mbili za Ruwenzori na kuua watu. Kwa sababu hiyo hatujengi tao la matofali matupu linalozidi upana wa mlango wa kawaida, na kwa shule au jengo la watu wengi tunarudi kwenye beto na vyuma, hata bei ikiwa juu. Mwenye kutaka tao kubwa la kupendeza atafute injenia, asitafute chama.

Sasa tuje kwenye mfereji, maana huko ndiko tulikoona faida ambayo hatukuitazamia.

Familia mbili jirani, zote zimerudi. Maji ya mvua yanashuka kati yao na lazima yapate njia. Mfereji ulionyooka ungepita karibu sana na msingi wa nyumba ya familia ya kwanza, kwa hiyo lazima uzunguke kidogo. Lakini ukizunguka, unaingia katika kakao ya familia ya pili. Mmoja alichora kwa jembe usiku, mwingine alifukia asubuhi. Ninyi mnajua namna mambo haya yanavyokwenda kwa watu waliokuta mipaka yao imemezwa na majani. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwa chifu.

Kamba na kigingi hapo havifanyi kazi. Kigingi kingepaswa kukaa katikati ya sebule ya familia ya kwanza, na kuta za nyumba zingezuia kamba. Basi tukaomba makubaliano mawili tu: mfereji uanzie wapi na uishie wapi, na katikati utoke nje kwa kiasi gani. Kati ya mwanzo na mwisho kulikuwa metre 12. Katikati, baada ya mabishano marefu, walikubali metre 1 na santimetre 60. Mengine yote tuliyaachia hesabu, na hiyo ndiyo ilikuwa siri: hakuna mtu aliyechagua mviringo.

Hesabu ni ile ile ya mlango. Sita mara sita, 36; 1,6 mara 1,6, 2,56; jumla 38,56; gawanya kwa 3,2; kamba ingekuwa metre 12,05. Kigingi kingekuwa metre 10,45 nyuma ya mstari. Hapa hatuhitaji pembe, maana tunataka kigingi kila metre moja, kwa hiyo tunatumia =RACINE(12,05*12,05-A2*A2)-10,45. Toka katikati kwenda pembeni, kwa santimetre: 160, 156, 143, 122, 92, 51, na mwisho 0. Tulivuta kamba iliyonyooka ya metre 12, tukaweka eskwadra kila metre, tukapima, tukapiga vigingi 13 mbele ya pande zote mbili. Watoto ndio walishika metre ya kupimia.

Halafu mama wa familia ya pili akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yote: «Sasa munakula kwangu ngapi?» Vigingi viko metre moja moja, kwa hiyo ukijumlisha vipimo vyote 13 unapata eneo, karibu sawasawa. Jumla ni 12,88. Tuseme metre za mraba 13. Kakao ikipandwa metre 3 kwa 3, kila mti unashika metre za mraba 9. Ugomvi ule wote, na jembe la usiku, na njia ya kwenda kwa chifu, ulikuwa wa mti mmoja na kipande. Mama alinyamaza kidogo, akasema alipwe mti mmoja na nusu. Alilipwa miwili. Karatasi yenye namba saba ina sahihi za familia zote mbili, na nakala iko katika sanduku la chama. Ikitokea tukakimbia tena, na mtu akang'oa vigingi, mfereji utarudi pale pale ulipokuwa.

Kuna waliouliza juu ya madirisha ya mviringo uliolala, kama yai. Inawezekana kwa safu zile zile: zidisha kosinusi kwa nusu ya upana, na sinusi kwa kimo. Kwa 60 na 30, pembe ya 30 inatoa 52 na 15. Angalieni tu kwamba ile pembe ya hesabu siyo pembe mtakayoiona mkipima na raportere juu ya ubao. Msipoteze muda kuilinganisha. Zaidi ya hapo hatutasema leo, kwani nyumba zetu hazihitaji.

Vijana wanapenda kuuliza nani alianza mambo haya. Watu wamekuwa wakiandika meza za namna hii kabla ya umeme. Ptolemy, aliyekuwa Aleksandria katika karne ya 2, hapa hapa Afrika, aliacha meza ya mistari ya duara inayokwenda kwa nusu nyuzi mpaka 180, yote kwa mkono. Karatasi ya hesabu ya ordinatere ni mtoto wa juzi: VisiCalc ilitoka 1979, Excel 1985. Tunapowaambia hayo vijana waliokosa miaka ya shule kwa kukimbia huku na huku, wanaacha kufikiri kwamba sinusi ni ya watu wa mahali pengine. Kuna kijana hapa aliyeacha masomo kabla ya kumaliza, na sasa ndiye anaendesha safu za matao. Wamasoni wazima wanamngojea.

Basi, kwa wenye kutusaidia: ordinatere tuliyo nayo inatosha, na sola yake inatosha. Tunachohitaji ni mbao kavu za gabari, misumari, na metre za kupimia za metre 30, kwani zile za metre 5 zinatulazimisha kuunganisha kipimo na kila muungano unaiba santimetre. Gabari za milango ya 120 zitakaa kwenye depo ya chama. Mwanamemba anaazima wiki mbili, anarudisha safi, bila simiti juu. Mwenye mlango wa upana mwingine alete upana na kimo, namba mbili tu, siku ya salongo, na ataondoka na karatasi yake.